Bidii haiamrishwi: Somo la ngoro kwa anayetaka kazi yenye tija

Anayesafiri kwa barabara ya lami kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, mwendo wa kilomita 66, hushuka kutoka milima yenye baridi na mibuni mpaka ufukwe wa Ziwa Nyasa, ulio kiasi cha mita 470 tu juu ya usawa wa bahari. Kabla ziwa halijaonekana, macho yake hukutana na mashamba yaliyoko kwenye miteremko mikali kiasi kwamba mgeni hujiuliza mkulima anasimamaje humo bila kuporomoka. Ukitazama vizuri unaona mteremko mzima umegawanywa miraba. Kila mraba una shimo katikati na tuta pande zote nne. Hizo ndizo ngoro za Wamatengo.

Siku hizi mafunzo ya kujituma yamekuwa biashara. Watu hulipia ukumbi, hupewa chai na vitafunwa, kisha huambiwa waamke saa kumi alfajiri, waandike malengo yao na wazime simu wakati wa kazi. Ushauri huo si mbaya. Ila mama wa Umatengo ameamka kabla ya jogoo maisha yake yote na hajawahi kuhudhuria semina hata moja. Kinachofaa kuulizwa ni hiki: kwa nini watu wa milima hii wameifanya kazi ngumu namna hii kwa vizazi, bila bwana shamba kuwasimamia na bila faini, wakati sehemu nyingine ya nchi hii hii watu walioamrishwa kazi inayofanana nayo waliigomea mpaka damu ikamwagika?

Jibu lake lina faida kwa mkulima wa Liparamba, kwa mvuvi wa Liuli, na hata kwa karani anayemaliza siku akiwa hoi bila kujua amefanya nini.

Shimo moja linavyotengenezwa

Kazi huanza mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni. Shamba lililopumzika limeota nyasi ndefu. Wanaume huingia na nyengo na kufyeka. Nyasi hazichomwi wala hazitupwi. Huachwa zinyauke, kisha hukusanywa na kulazwa kwa mistari, mingine ikifuata mteremko na mingine ikiukata, mpaka uso wa shamba ugeuke miraba ya kiasi cha mita moja na nusu hadi mbili kila upande.

Hapo ndipo wanawake huingia na majembe. Mama husimama ndani ya mraba, huchimba udongo wa katikati na kuurusha juu ya nyasi, upande huu na upande ule, mpaka nyasi zote zifukiwe. Nyasi hizo zinageuka moyo wa tuta, na pale alipokuwa akichimba panabaki shimo. Akimaliza huhamia mraba wa jirani, na tuta lililo kati ya mashimo mawili hupata udongo kutoka pande zote mbili. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo udongo ungali na unyevu.

Mvua kubwa ikija, maji hayapati njia ya kushuka kwa kasi. Kila shimo hushika ya kwake, na udongo uliong'olewa huishia hatua moja tu kutoka ulipotoka. Maharage huvunwa kwenye Juni na Julai. Mvua zikirudi kati ya Novemba na Desemba, mahindi hupandwa juu ya matuta yaleyale bila shamba kulimwa upya. Magugu ya palizi hutupwa shimoni yaoze. Mahindi yakishavunwa, shamba hupumzika mpaka Machi nyingine, nyasi ziote, na kazi ianze tena. Mzunguko mzima ni miaka miwili, na jembe zito limepita mara moja tu. Familia yenye mashamba mawili huyapishanisha, ili kila mwaka wapate maharage upande mmoja na mahindi upande mwingine.

Hapo kuna somo la kwanza la tija. Jasho la Machi moja hulisha mazao mawili, na uchafu wa zao la kwanza ni mbolea ya zao linalofuata. Mtu anayetaka kupima kazi yake asijiulize amekaa mezani saa ngapi. Ajiulize kazi aliyoifanya leo itampunguzia nini kesho. Karani anayepanga mafaili yake vizuri mara moja amelima ngoro. Anayetafuta karatasi ileile kila Jumatatu amelima shamba lisilo na tuta.

Waliobanwa wakabuni

Wamatengo hawakuzaliwa na bidii kuliko makabila mengine. Walibanwa. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia nyanda za Songea kwa vita, na wengi wa wenyeji wakapanda milimani kujihami. Huko juu ardhi ilikuwa finyu na miteremko mikali. Mtindo wa kulima miaka michache na kuhama haukuwezekana tena, kwa sababu pa kuhamia hapakuwapo. Aliyeacha udongo wake uteremke bondeni alikuwa ameteremsha chakula cha watoto wake. Matokeo ya uzembe yalionekana mapema, na matokeo ya kazi nzuri yalionekana mapema vilevile.

Wakoloni walipofika walikuta kazi imekwisha kukomaa. Mwaka 1938, A. H. Pike alichapisha makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records akieleza jinsi Wamatengo walivyohifadhi udongo wao. Wakati huo serikali za kikoloni zilikuwa na hofu kubwa ya mmomonyoko wa ardhi, nao watu wa milima ya Mbinga walikuwa na dawa yao tayari.

Sasa linganisha na Uluguru, milima iliyo juu ya mji wa Morogoro. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha huko mpango wa matumizi ya ardhi ambao uliwataka wakulima kuchonga ngazi kwenye miteremko. Kwa mtazamo wa mtu aliye mbali, ngazi na ngoro ni mambo ya ukoo mmoja: zote zinazuia udongo, zote zinataka jembe na mgongo. Lakini udongo wa juu wa Uluguru ulikuwa mwembamba, na kuchonga ngazi kulileta juu udongo usio na rutuba. Watu walichimba sana wakavuna kidogo. Tena mpango ulikuwa wa serikali, na adhabu ilikuwa ya serikali. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango haukusimama tena.

Ripoti za zama zile zilikuwa nyepesi kuwaita wakulima wakaidi au wavivu. Ukweli ni kwamba Waluguru walikuwa wakilima miteremko hiyo kwa bidii kabla ya mpango na waliendelea kuilima baada yake. Walichokataa ni kazi ambayo hawakuipanga na ambayo haikuwarudishia kitu. Bosi yeyote anayelalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajitumi angefaa kwanza kujiuliza kama ofisi yake ni Umatengo au ni Uluguru.

Anayekusubiri shambani

Nidhamu ya mtu mmoja ina mwisho wake. Siku moja utaamka umechoka, siku nyingine kuna baridi, siku ya tatu huna hamu. Wamatengo walilijua hilo, na hawakuiacha kazi ya jembe ikutegemee wewe peke yako. Wanawake walikuwa na ngokela, vikundi vya kulimiana kwa zamu: leo kwako, kesho kwa jirani, keshokutwa kwa shemeji. Ukijua watu watafika shambani kwako asubuhi, huwezi kulala. Na ukijua walifika kwako juzi, utaona haya kutofika kwao.

Kulikuwa pia na sengu. Wanaume wa ukoo walikutana uani kwa babu, kila nyumba ikaleta chakula chake, wakala pamoja na kuzungumza mambo ya shamba, ya watoto na ya ugomvi. Kijana alijifunza hapo kabla hajapewa shamba lake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na Wajapani kuanzia miaka ya 1990, walifanya kazi ya miaka mingi katika vijiji vya Mbinga, kikiwamo Kindimba. Walipotafuta namna ya kuendesha miradi ya kijiji waligundua kwamba sengu ilikuwa bado na uzito, na jina hilo likarudi kama jina la kamati ya wanakijiji. Kinu cha kusaga kinachoendeshwa kwa nguvu ya maji, mabwawa ya samaki na ufugaji nyuki vilipata wenyewe wa kuvisimamia.

Mkoa huu wa Ruvuma una mfano mwingine mkubwa zaidi. Mwaka 1960 kikundi cha vijana wa TANU, Ntimbanjayo Millinga akiwa mmoja wa viongozi wao, kilianzisha kijiji cha Litowa wilayani Songea. Vijiji vingine vikafuata mfano wao, navyo vikaunganika katika chama kilichoitwa Ruvuma Development Association. Mwingereza Ralph Ibbott alikuwa mshauri wao. Waliamua mambo yao kwa mikutano: nini kilimwe, nani afanye nini, mapato yagawanywe vipi. Walikuwa na shule iliyofundisha watoto maisha ya kijiji na walifika mahali pa kumiliki kinu cha kusaga mjini Songea. Mwalimu Nyerere aliwatazama kwa makini, na mawazo yake ya vijiji vya ujamaa yalichota mengi kwao. Hata hivyo Septemba 1969 uongozi wa TANU ulikivunja chama hicho. Miaka michache baadaye watu walihamishwa kwa nguvu kwenda vijijini nchi nzima, wakapangiwa ekari za kulima. Vijiji vilijaa watu, lakini moyo wa Litowa haukuonekana. Unaweza kumhamisha mtu kwa lori, ukampimia shamba kwa kamba. Kumpa sababu ya kuamka ni jambo jingine.

Nani ameshika jembe?

Sifa za bidii ya Umatengo zina deni ambalo halipaswi kufichwa. Katika ngoro, kufyeka ni kazi ya wiki chache. Kuchimba, kupanda, kupalilia na kuvuna maharage kumewaangukia zaidi wanawake. Kahawa ilipoingia milimani katika miaka ya 1920, ilikuwa zao la wanaume, na fedha zake zilikuwa za wanaume. Mwanamke alirudi kutoka kwenye ngoro akakuta kuni, maji na jiko vinamsubiri.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema jambo hilo bila kuzunguka. Lilieleza kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa nyingi kuliko mtu yeyote nchini, hata siku za sikukuu, na kwamba wanaume wa vijijini ni kama wako likizo nusu ya maisha yao. Miongo mingi imepita, na kuna nyumba ambazo maneno hayo yangali yanauma kama yameandikwa jana.

Kwa hiyo familia inayotaka kuongeza tija ianze kwa kuhesabu mikono. Kama mmoja amelemewa na mwingine yuko kijiweni anacheza bao, kumwongezea aliyelemewa mbinu za kutunza muda ni kumdhihaki. Kazi ikigawanywa upya, saa mbili za ziada zinapatikana bila mtu yeyote kuamka mapema zaidi. Ndivyo ilivyo ofisini pia: mara nyingi idara nzima inabebwa na dada mmoja asiyejua kusema hapana, na anayepongezwa kwenye kikao ni mwingine.

Ziwa lina kalenda yake

Ukishuka mpaka ufukweni, Lituhi, Liuli au Mbamba Bay, unakuta nidhamu ya aina nyingine. Usipa, samaki wadogo kama dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta juu, wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haifui dafu, kwa sababu ziwa zima lina mwanga. Basi mvuvi hufanya kazi kwa kalenda ya mwezi: usiku wa giza yuko majini, usiku wa mbalamwezi yuko nyumbani. Siku hizo ndizo za kushona nyavu, kuziba mtumbwi, kudai madeni na kulala. Upepo mkali wa kusini-mashariki ukivuma miezi ya kiangazi, anayelazimisha kwenda majini anahatarisha roho yake.

Asubuhi usipa wakiletwa, saa zinakuwa na thamani. Wanaokausha huwatandaza mapema jua lisije likawapita, kisha huwageuza wakaukie pande zote. Mzigo uliochelewa kuanikwa huanza kunuka kabla ya jioni, na mnunuzi kutoka Songea hashawishiki kwa maneno matamu.

Ziwa linafundisha kwamba mapumziko ni sehemu ya kazi, ilimradi yamewekwa mahali pake. Mvuvi hapumziki kwa sababu amechoka tu. Hupumzika wakati ambao kazi yenyewe haina faida, na hutumia muda huo kuandaa zana. Kila shughuli ina usiku wake wa giza na usiku wake wa mbalamwezi. Mwalimu anayejua kwamba akili yake huwa nyepesi asubuhi asahihishe madaftari asubuhi, na simu za watu azijibu mchana wakati jua limemlegeza.

Liparamba na mvua moja

Kusini zaidi, milima imeshuka na miombo imetawala. Liparamba ni kata ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Msumbiji ni jirani, Pori la Akiba la Liparamba liko hapo, na Mto Ruvuma, ambao huanzia milima ya Matogoro karibu na Songea ukielekea magharibi, hugeuka pande hizi na kuanza safari yake ndefu ya kwenda mashariki mpaka Bahari ya Hindi.

Kwenye ardhi isiyo na mteremko mkali, ngoro haina kazi ileile. Aliyehamia bondeni kutoka milima iliyojaa watu hawezi kunakili mashimo ya babu yake. Anachoweza kubeba ni namna ya kufikiri. Hapa adui si udongo unaoporomoka. Adui ni wakati, na wanyama.

Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja wa mvua, kutoka kama Novemba mwishoni mpaka Aprili. Ukiukosa, hakuna vuli ya kukuokoa. Utasubiri mwaka mzima. Mkulima anayesubiri mvua ya kwanza ndipo atafute mbegu na kufyeka shamba amekwisha kuchelewa kabla hajaanza. Mahindi yake yatachanua mvua ikikatika. Na shamba likizaa, nyani hushinda pembezoni mchana na nguruwe mwitu huja usiku, hivyo kulinda nako ni kazi inayohitaji zamu. Nyumba isiyojipangia zamu hiyo huishia kumtoa mtoto shuleni akafukuze nyani, na hasara ya huyo mtoto haionekani kwenye gunia lolote.

Namna bora ya kupanga kwa mtu wa mvua moja ni kuanza na mwisho na kurudi nyuma. Ukitaka kuvuna Juni au Julai, lazima mbegu iwe ardhini mvua zinapoanza. Ili mbegu iwe ardhini, lazima shamba liwe safi mwezi Oktoba. Ili Oktoba uwe na fedha ya mbegu, lazima sehemu ya mavuno ya mwaka huu iuzwe kwa kusudi hilo, isiishie kwenye sherehe za Agosti. Mwanafunzi wa kidato cha nne ahesabu vivyo hivyo kutoka mtihani wa taifa wa Novemba. Ataona kwamba somo linalomshinda lilitakiwa kuanza Februari, na kwamba kukesha kwa Oktoba ni kufyeka wakati mvua imekwisha kunyesha.

Katika hesabu hiyo mtu aache nafasi. Vijijini kwetu msiba ukitokea majembe yanawekwa chini, na hakuna mwenye utu atakayesema ana ratiba. Mgonjwa atapelekwa hospitali, mgeni atapokelewa. Mpango usio na siku za akiba si mpango mkali, ni mpango wa mtu anayejidanganya kwamba anaishi peke yake.

Kisha kuna kiangazi chenyewe. Kutoka Agosti mpaka Oktoba watu wengi huona hakuna kazi, na kweli shamba la mahindi limelala. Wanaosogea mbele kimaisha ni wale walioupa kila mwezi jina: mwezi wa matofali, mwezi wa mizinga ya nyuki, mwezi wa bustani ya bondeni. Ngoma na harusi zina nafasi yake, na ni haki ya mtu aliyefanya kazi. Miezi mitatu yote ikiwa ngoma, Novemba itamkuta hana jembe.

Bidii bila bei

Haya yote yana mpaka, na mkulima wa kahawa wa Mbinga anaujua. Katika miaka ya 1993 na 1994 biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na haukupita muda mrefu Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, MBICU, kikaanguka. Pembejeo za mkopo zilizokuwa zikija kupitia ushirika zikakoma. Wakulima walewale, mibuni ileile, mikono ileile. Lakini dawa ya magonjwa ya mibuni ilikuwa ghali na bei ya soko la dunia haikumjali aliyeamka saa kumi na moja. Baadhi waliitupa mibuni, wengine wakageukia nguruwe na maharage, wengine wakashuka kutafuta ardhi mpya mabondeni. Hakuna aliyekuwa amepoteza bidii. Walihesabu, wakaipeleka bidii yao mahali palipolipa.

Ndiyo maana wanaoandaa mafunzo ya kujituma Mbinga na Nyasa wangefanya vizuri kuanza na maswali kabla ya mahubiri. Nani amepanga kazi hii, anayeifanya au anayeisimamia? Mavuno yake yanamfikia nani, na kwa bei gani? Jembe liko mikononi mwa nani siku nzima? Yupo mtu wa kumsubiri shambani asubuhi? Panapokuwa na majibu mazuri, mhamasishaji hana kazi ya kufanya. Panapokosekana, atawaamsha watu saa kumi alfajiri kwa wiki mbili, na wiki ya tatu watarudi kulala, tena watakuwa na sababu.